Wewe una mwezi mmoja, wao wana muda wote

Leo nataka niongee kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunaoishi huku Uingereza tunakipitia kimyakimya, ile kusubiri rufaa ya benefiti, yaani malipo ya msaada wa serikali. Sio kunyimwa kwenyewe, hilo watu wanaliongea sana, nazungumzia ule muda wa katikati, kuanzia siku umefungua barua inayosema malipo yako yamekatwa mpaka siku unaitwa mbele ya tribunali, ile mahakama ya rufaa za benefiti, ukae kwenye kiti uwaeleze watu usiowajua jinsi unavyoogea. Kwa miaka sasa nimekuwa nikisindikiza watu, nawajazia fomu, nawasomea barua, nakaa nao korido wakisubiri kuitwa, na nimefika mahali naamini kabisa kwamba huku kucheleweshwa hakutokani tu na ofisi kuwa na kazi nyingi. Kucheleweshwa ni sehemu ya uamuzi wenyewe. Wamekukatia mara moja kwa barua halafu wanaendelea kukukatia kila mwezi unaosubiri, na huo wa pili hakuna barua inayokuja kukuambia, wala hakuna pa kuukatia rufaa.

Njia yenyewe iko hivi, maana kila wiki nakutana na mtu haijui. Chukua PIP, yale malipo ya ulemavu yaliyoanza 2013 kuchukua nafasi ya DLA, malipo ya ulemavu ya zamani, kwa watu wazima. Barua ikija imekukataa au imekushusha, huendi tribunali moja kwa moja. Kwanza lazima uiombe wizara yenyewe iliyoamua, ile ya kazi na pensheni, iuangalie upya uamuzi wake, na una mwezi mmoja kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, sio siku barua ilipodondoka mlangoni kwako. Ukipitiliza inabidi ujieleze kwa nini. Haya, na wizara yenyewe ina muda gani wa kukujibu? Haina. Yaani sheria haikuwawekea siku. Wanaweza kujibu baada ya wiki chache, wanaweza kujibu baada ya miezi, na wewe huwezi kusogea mpaka wajibu kwa sababu ile notisi yao ya majibu ndiyo unayotakiwa kuionyesha tribunali. Kabla ya 2013 hatua hii haikuwa lazima, mtu aliandika rufaa yake moja kwa moja na wizara kama ilitaka kujirekebisha ilijirekebisha huku rufaa ikiendelea. Sasa hivi umewekwa kwenye chumba cha kusubiria kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye chumba cha kusubiria.

Wakishajibu, na mara nyingi majibu ni yaleyale ya mwanzo yamebadilishwa maneno mawili matatu, una mwezi mmoja mwingine wa kupeleka rufaa, kwa fomu inaitwa SSCS1 au mtandaoni, na ni bure, hulipi chochote, naomba hilo lieleweke maana kuna watu wanatoza wenzao hela kwa ajili ya "kufungua rufaa". Baada ya hapo wizara inatakiwa ilete majibu na makaratasi yake ndani ya siku 28, angalau hapo imewekewa siku ingawa inaweza kuomba iongezewe. Halafu sasa ndo unaingia foleni ya kusikilizwa, na foleni hiyo haina mwisho ulioandikwa popote. Kusubiri miezi sita na zaidi limekuwa jambo la kawaida, inategemea unaishi wapi na kesi yako ni ya aina gani. Ukiangalia vizuri utaona wewe mgonjwa, unayeumwa, ambaye labda Kiingereza chenyewe cha barua za serikali kinakusumbua, ndiye unayehesabiwa siku kila hatua, na upande wenye wafanyakazi na kompyuta na mawakili hauhesabiwi isipokuwa hizo 28.

Na kitu kinachonikera kuliko vyote ni hiki. Kwa miaka kadhaa takwimu za serikali yenyewe zinaonyesha kwamba rufaa za PIP zikisikilizwa, karibu mbili kati ya tatu mwombaji anashinda. Tafakari hiyo kidogo. Ile foleni haijajaa watu wanaojaribu bahati yao, imejaa watu ambao wengi wao walistahili tangu siku ya kwanza na wanasubiri mtu wa tatu aje aseme hivyo. Kwa hiyo ukisema rufaa zinachelewa maana yake ni kwamba watu wenye haki yao ndo wanaokaa bila hela muda mrefu kuliko wote, maana yule ambaye kweli hakustahili hapotezi kitu kwa kusubiri.

Kuna mama mmoja niliyemsindikiza, simtaji wala sitaji ofisi iliyomkatia. Ana yabisi ya viungo na kisukari, vidole vimepinda kiasi kwamba kufungua kopo la dawa anatumia meno. Alikuwa analipwa ya ulemavu na kijana wake mkubwa aliacha kazi ya usiku akawa analipwa ile ya mwangalizi, ambayo ili uipate lazima uwe unamhudumia mtu saa 35 kwa wiki na huyo mtu awe anapokea malipo ya ulemavu. Ilipokuja barua ya mama kukatiwa, ya kijana nayo ikaondoka nayo. Barua moja, mishahara miwili. Watu hawalijui hili mpaka liwakute. Sasa mama anasubiri rufaa, kijana hawezi kurudi kazini maana nani atamnyanyua mama kitandani asubuhi, na hawezi kubaki nyumbani maana nani atalipa kodi, basi akawa anafanya vibarua vya saa mbili tatu, anarudi mbio, na mama kwenye huo muda anashika ukuta kwenda chooni. Watu wa kanisani na jirani wote walikuwa wanamwambia mama vumilia, subira yavuta heri. Jamani, hii subira ilikuwa inavuta madeni. Kodi ya nyumba ikalala, umeme ukawa wa kukopa, mdogo wake akatuma hela ambayo na yeye alikuwa kaikopa. Mwisho wa siku akashinda, wakamlipa malimbikizo yote tangu tarehe waliyomkatia, na watu wakashangilia kweli. Lakini malimbikizo hayana riba. Wewe umekopa kwa riba, umelipa faini za kuchelewesha bili, wao wanakurudishia kilekile walichokushikilia na hakuna anayekuuliza hiyo miezi uliishi vipi. Kijana ile kazi yake ya usiku hakuipata tena.

Halafu kuna kitu cha kisheria ambacho nadhani ni muhimu mno na hakielezwi. Tribunali haiangalii unavyoumwa siku uliyokaa mbele yao. Sheria ya mwaka 1998 inasema waangalie hali ilivyokuwa siku uamuzi ulipotolewa, mambo yaliyobadilika baadaye hawatakiwi kuyahesabu. Sasa changanya sheria hiyo na foleni ya mwaka mzima uone inavyotoka. Unaulizwa, wakati ule ulikuwa unaweza kutembea hatua ngapi kabla ya kusimama? Ni swali zito kweli maana kwenye PIP tofauti ya mita 20 na mita 50 ndiyo tofauti ya kupata kiwango cha juu au cha kawaida, na wewe unatakiwa ukumbuke goti lako lilikuwaje mwezi wa pili wa mwaka jana. Nani anakumbuka? Mtu mwenye maumivu ya kila siku siku zake zinafanana, anachanganya, anataja kitu cha juzi, na yule wa wizara kama yupo anainua mkono anasema lakini hilo limetokea baada ya uamuzi. Kuchelewa hapo kumekuharibia ushahidi wako na hakuna anayewajibika.

Ndiyo maana kila anayenipigia simu namwambia kitu kimoja kabla hata hatujafungua fomu. Nunua daftari leo. Andika leo nimeamka saa ngapi, nani kanivalisha, nimepika au nimeshindwa, nimeanguka wapi. Usiandike kwa ufundi, andika hivyohivyo kwa Kiswahili chako, tutatafsiri. Na ukienda kwa daktari usimwombe barua ya "huyu mgonjwa anaumwa", kila mtu anaumwa, mwombe aandike mwezi ule wa uamuzi hali yako ilikuwaje na unashindwa kufanya nini. Yule mama daftari lake ndilo lililomwokoa. Hakimu alimuuliza kuhusu kupika, akataka kusema anapika, maana mwanamke wa umri wake kusema hapiki mbele ya watu ni kama kujivua nguo, nikaona anasita. Yule daktari wa kwenye jopo, maana kwenye PIP kwa kawaida wanakaa watatu, hakimu, daktari na mtu mwenye uzoefu wa ulemavu, akafungua nakala ya daftari akasoma kwa sauti ile siku sufuria ilivyomponyoka na maji ya moto yakamwagikia mguu, akamuuliza taratibu, mama hii ilitokea mara moja? Mama akajibu, hapana mwanangu, hiyo ni ile niliyoiandika. Pale chumba kizima kilibadilika. Sheria inasema kitu uweze kukifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudiarudia na ndani ya muda unaofaa, la sivyo hukiwezi. Hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo tangu mwanzo.

Na hiyo ilikuwa mara yake ya pili kufika pale. Mara ya kwanza tuliamshwa alfajiri, kijana akamvalisha, tukapanda teksi ya kuchanga, tumekaa korido tukaambiwa kesi imeahirishwa kwa sababu kuna karatasi za daktari zilizokuwa zimetajwa kwenye ripoti na hazikuwemo kwenye bunda la makaratasi ya kesi. Kuahirishwa kwa mtu mwenye afya ni kubadilisha tarehe kwenye kalenda. Kwa mtu mgonjwa ni wiki ya kulala kitandani kulipia ile safari, na kurudi mkiani kwenye foleni. Alilia kwenye gari na kusema hataki tena, waache tu hela yao. Wangapi wanasema hivyohivyo na hawana mtu wa kuwabembeleza? Hawa hawaonekani kwenye takwimu yoyote ya walioshinda wala walioshindwa, wamenyamaza tu. Na mwaka huohuo 2013 serikali ilipoleta ile hatua ya lazima ya kuangalia upya, ndo iliondoa pia msaada wa kisheria wa kulipiwa na serikali kwenye kesi za benefiti za ngazi hii. Yaani njia ikarefushwa na wa kukushika mkono akaondolewa, vyote kwa pamoja. Waliobaki ni vituo vya ushauri vya bure ambavyo navyo vina foleni zake, na watu wa kujitolea.

Mtu ataniambia mambo ya serikali ndivyo yalivyo, foleni haziepukiki. Sikubali, na sababu iko hapahapa kwenye kisiwa hikihiki. Nenda Scotland. Tangu wapewe mamlaka ya kuendesha malipo ya ulemavu wao wenyewe, na malipo yao ya watu wazima yalienea nchi nzima Agosti 2022, walifanya vitu viwili. Ukiomba uamuzi uangaliwe upya, ofisi ina siku 56, zikiisha bila jibu ni lazima wakuambie kwamba unaweza kwenda tribunali bila kuwasubiri. Saa imewekwa pande zote mbili. Na cha pili, kama ulikuwa unalipwa wakakupunguzia au kukukatia, wakati unapinga unaweza kuomba msaada wa muda mfupi unaofidia kile ulichopunguziwa mpaka uamuzi utoke, na ukishindwa hawakudai uurudishe. Fikiria yule mama na kijana wake kama wangekuwa upande ule wa mpaka. Rufaa ingechukua muda uleule labda, lakini wangekuwa wanakula. Kwa hiyo ni kitu kinachowezekana, watu waliketi wakaandika sheria wakaamua mzigo wa kuchelewa usibebwe na mgonjwa.

Swali la nani abebe huo mzigo ni la zamani sana. Marekani mwaka 1970 Mahakama ya Juu kabisa yao ilisema kwenye kesi ya Goldberg dhidi ya Kelly kwamba mtu anayeishi kwa msaada wa serikali lazima asikilizwe kabla ya kukatiwa, kwa sababu ukimkatia kwanza anakosa chakula wakati bado anabishana na wewe. Miaka sita tu baadaye, kwenye kesi ya Mathews dhidi ya Eldridge, mahakama hiyohiyo ikasema kwa malipo ya ulemavu sio lazima, akatiwe kwanza na asikilizwe baadaye, akishinda atalipwa ya nyuma. Jaji Brennan alipinga, akakumbusha kwamba huyo mtu wakati anasubiri nyumba yake ilichukuliwa na wadai na vyombo vikabebwa, familia ikawa inalala kitanda kimoja. Mimi nasoma hiyo naona ni nyumba ninazoingia mimi. Hoja ya "atalipwa ya nyuma" ndiyo hoja ileile ninayoisikia mpaka leo, na kwenye makaratasi inapendeza kweli, mpaka uulize mtu anakula nini wiki hii. Wakaguzi wa bunge la Marekani waliangalia waombaji wa ulemavu waliokata rufaa kati ya 2008 na 2019 wakakuta 109,725 walifariki kabla hawajapata uamuzi wa mwisho. Hao ya nyuma analipwa nani?

Ulaya nako kuna kesi ya Deumeland dhidi ya Ujerumani, 1986. Mjane wa Berlin alidai pensheni baada ya mume wake kuteleza kwenye theluji na kufariki, kesi ikaenda ikarudi zaidi ya miaka 10, mjane mwenyewe akafa katikati, mtoto wake akaendelea nayo. Mahakama ya haki za binadamu ya Strasbourg ikasema huo sio muda unaofaa. Nilimsimulia kijana wa yule mama habari hii, akanyamaza kidogo, akaniuliza, na huyo mtoto mwishowe alilipwa pensheni? Nikamwambia hapana, dai lenyewe lilikuwa limeshashindwa huko Ujerumani, Strasbourg ilisema tu kwamba walikosea kumchelewesha. Akasema basi hata hiyo ni kitu, angalau kuna mtu amesema.

Sasa kama uko kwenye foleni saa hizi, kuna mambo watu hawaambiwi. Unaweza kuiandikia tribunali ukaomba kesi yako iharakishwe, sio kosa na hutaonekana msumbufu. Hakimu ndiye anaamua, na anataka sababu zenye karatasi, notisi ya kutolewa nyumba, barua ya daktari kwamba ugonjwa hautasubiri, kitu kama hicho. "Nina shida sana" peke yake haimsaidii hata kama ni kweli tupu. Pia ukiulizwa unataka isomwe kwenye makaratasi tu au uwepo, usichague makaratasi kwa sababu umesikia inawahi. Wanaosikilizwa wakiwepo, hata kwa simu au video, wanashinda zaidi sana kuliko wanaosomwa. Na omba mkalimani kama unamhitaji, ni bure, usitegemee mtoto wako akutafsirie mambo ya choo na bafu mbele ya hakimu, wote wawili mtaficha.

Na kuna ile simu. Siku chache kabla ya kusikilizwa unaweza kupigiwa na upande wa wizara, mtu mpole tu, anakwambia wameangalia tena na wanaweza kukupa kiwango fulani, unakubali? Umeshakaa mwaka mzima umechoka, unadaiwa, unasikia hela, unataka kusema ndiyo hapohapo. Kabla hujasema elewa kwamba wakitoa uamuzi mpya ulio bora kuliko ule wa kwanza, rufaa yako inakufa hata kama ni nusu ya ulichostahili, na ukitaka hiyo nusu nyingine unakata rufaa upya, foleni upya. Mwambie huyo mtu asante, naomba mniandikie, na nahitaji kuongea na mshauri wangu kwanza. PIP inaamuliwa kwa pointi za kila kitu unachoshindwa kufanya, kwa hiyo muulize ni pointi ngapi kwenye kila kipengele na malipo ni mpaka lini. Halafu kata simu, piga kwa kituo cha ushauri au nipigie mimi, hata kama ni usiku.